Chungu cha Mama Sikionei Haya Tena

Nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari mjini Voi, mwalimu alimwuliza kila mmoja wetu kazi ya mzazi wake. Nilijibu kwamba mama ni mkulima. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Karo yangu ilitokana na pombe ya miwa aliyopika nyumbani, milimani karibu na Wundanyi, huku akiwakwepa askari. Haya hiyo niliibeba hadi utu uzima. Hata wanangu sikuwasimulia.

Juzi binti yangu, anayesomea bayolojia chuo kikuu, alikuja likizo. Nilimkuta jikoni akikanda unga wa mahamri.

"Baba, hamira ni kiumbe hai," akaniambia. "Tena ana ndugu yake ambaye jina lake la kisayansi ni pombe."

Nilidhani anatania. Kumbe, mpenzi msomaji, ni kweli tupu. Mwaka 1893 Mjerumani Paul Lindner alieleza habari za hamira iliyopatikana katika pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki. Hii haichipuzi kama hamira ya mkate, bali hujigawa katikati. Akaiita Schizosaccharomyces pombe, kwa neno letu hili hili la Kiswahili.

"Ina faida gani?" nikauliza.

Akanieleza kwamba seli ya hamira ina kiini, sawa na seli za miili yetu. Ndani yake mna protini, mithili ya vibarua shambani, kila mmoja na kazi yake. Ukitaka kujua kazi ya kibarua fulani, mwondoe, kisha utazame ni kazi gani imelala. Maagizo ya kutengeneza protini yamo katika jeni, kwa hivyo wanasayansi huharibu jeni moja na kutazama matokeo.

Paul Nurse wa Uingereza alichunguza hamira hiyo ya pombe. Jeni iitwayo cdc2 ilipoharibika, seli zilirefuka tu bila kugawanyika. Mwaka 1987 yeye na Melanie Lee walitangaza kwamba walitia humo jeni za binadamu, na mojawapo ikaziwezesha seli kugawanyika tena. Basi protini ile hufanya kazi moja ndani yetu na ndani ya chungu cha pombe! Nurse alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2001, na elimu hiyo husaidia kuielewa saratani, ambapo seli hugawanyika ovyo.

"Kwetu Taita nani hupika pombe?" binti akauliza.

Nilinyamaza kitambo. Kisha nikamweleza yote.

Jumamosi tulipanda matatu, tukapita Mwatate hadi kwa mama. Mjukuu akamsimulia naye akasikiliza, huku akichambua maharagwe.

"Nilijua chunguni mna kitu hai," akasema. "Usiku wa baridi nilikuwa nikikifunika blanketi." Kisha akanigeukia. "Mwanangu, sasa waweza kuwaambia watu kazi niliyofanya?"

Ndiyo, mama. Leo nimewaambia.