Kuni za Bure

Kuni zile zilikuwa za bure, na mimi kitu cha bure huwa sikipiti. Jirani yetu hapa kitongojini, kaskazini mwa Minneapolis, aliangusha mti uliokuwa mbele ya nyumba yake, mkubwa, umekauka upande mmoja. Mafundi waliukatakata kwa msumeno wa mashine wakayaacha magogo kando ya barabara, juu yake kipande cha boksi kimeandikwa kwamba anayetaka achukue. Nikachukua. Nilipasua kwa shoka jioni baada ya kazi, nikapanga nyuma ya gereji, na kila nilipopita pale nilijisikia mtu. Nimekulia Tabora. Nyumba yenye rundo la kuni kavu, kwetu, ilihesabiwa kuwa ni nyumba iliyotulia.

Safari niliyozibebea kuni hizo alikuwa ameiwaza mke wangu, Mama Neema. Watoto wako vyuoni, na kwa mara ya kwanza tangu tufunge ndoa tulikuwa na likizo ya wawili. Alitaka tulale kwenye hema kando ya maziwa: tuanzie hifadhi ya jimbo ya Itasca, tushuke Duluth, kisha tupande na ufuko wa Ziwa Superior kwa Barabara ya 61 mpaka karibu na Kanada. Viwanja vya hema katika hifadhi za Minnesota hufunguliwa kuwekewa nafasi siku 120 kabla, na vya kando ya Superior huisha upesi kama tiketi za basi za Desemba. Aliamka alfajiri akavipata.

Yeye ni mtu wa kusoma masharti. Akaniambia: kuni za nyumbani haziruhusiwi. Unanunua hifadhini au kwa muuzaji aliyeidhinishwa, mwenye cheti. Nikacheka. "Mama Neema, huo ni mradi wa watu kuuza kuni."

Nieleze dhana hiyo niliitoa wapi, si kwa kujitetea. Aliyewahi kusafiri na gunia la mkaa kutoka Tabora kwenda Dar analijua geti la maliasili. Basi linasimama, mtu anapanda, anauliza mkaa huu wa nani, kibali kiko wapi, na aliye na akili amekwisha kuusukuma chini ya godoro la mwenzake. Tangu utotoni nimeamini kwamba mtu anayeuliza habari za kuni anatafuta hela. Kwamba miombo ya Urambo na Sikonge inaisha kweli, na kwamba yule mtu wa geti pengine anazuia kitu fulani, halikuwa jambo la kujadiliwa ndani ya basi. Imani hiyo nilivuka nayo bahari bila kuilipia mzigo.

Itasca ndiyo hifadhi kongwe kuliko zote za jimbo hili, tangu 1891. Watu huiendea kwa sababu mto Mississippi unatokea pale. Unatoka ziwani kama kijito cha kufulia, unauvuka kwa kukanyaga mawe, na pembeni kuna gogo lililosimamishwa, limeandikwa kwa manjano kwamba maji haya yana maili 2,552 mpaka Ghuba ya Mexico. Tulivuka tumeshikana mikono, Mama Neema akipiga kelele kwa baridi ya maji. Lakini kabla ya hapo tulipita ofisini. Kijana mwenye sare alitupa kibali cha gari cha mwaka, dola 35, akatuonyesha ramani, kisha akauliza kwa upole kama tumekuja na kuni.

Nikasema hapana.

Zilikuwa ndani ya buti, chini ya hema na mablanketi, zimefunikwa kitenge. Mama Neema alijifanya anasoma ramani ukutani. Tulipofika garini akasema, "Baba Neema, umemdanganya mtoto wa watu." Nikamwambia nimeokoa hela. Tita moja pale liliuzwa dola chache. Nimepiga hesabu baadaye: nilichookoa safari nzima kisingejaza hata nusu ya tangi la gari letu.

Usiku ule ndio ninaotaka kuusema vizuri. Nilikuwa peke yangu motoni. Mwenzangu alikuwa amekwenda bombani kuosha sufuria ya ugali. Nikachukua kipande kinene ili nikiweke juu ya makaa, na gome likabanduka likabaki mkononi. Chini yake mti ulikuwa umechorwa. Vijia vyembamba, vimejaa unga wa kahawia ulioshindiliwa, vinapinda kushoto, vinarudi kulia, vinapinda tena, vimebanana hata hapakuwa na mahali pa kuweka kidole pasipo na mchoro. Mwisho wa kijia kimoja kulikuwa na buu. Jeupe kama maziwa, bapa, la pingili pingili, refu kama pingili moja ya kidole changu cha shahada. Mwanga wa moto ulipolipiga likajivuta kurudi kwenye unga wake.

Unga ule niliujua. Nilikuwa mtoto mwanzoni mwa miaka ya 1980 dumuzi alipoingia Tabora. Hakuwa mdudu wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kati, na inaaminika alikuja na mahindi. Mama alifungua kihenge, akaingiza mkono, akautoa na unga. Mahindi yalionekana yapo, lakini yalikuwa maganda tu. Watu wakampa jina la lori, Skania, maana hakuna kilichomshinda: alitoboa mahindi, mihogo mikavu, hata miti ya kihenge chenyewe. Kutoka mkoani kwetu alisambaa nchini na kuvuka mipaka, na hakuna aliyembeba kwa nia mbaya. Watu walibeba chakula, naye alikuwa ndani. Nimewasimulia wanangu habari hizo mara nyingi, pamoja na jinsi tulivyofundishwa kupukuchua mahindi na kuyachanganya na dawa ya unga, nao hunisikiliza kama wanavyomsikiliza mzee.

Kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Jina la mdudu yule sikulijua, hilo kweli. Lakini mtu yeyote wa kizazi changu kutoka Tabora, akiona unga ule na buu lile ndani ya kitu alichokibeba kilomita mia tatu na ushee, anajua anatazama nini. Nilitupa gome motoni. Mama Neema aliporudi nilikuwa nimekaa, nikamuuliza kama chai ipo. Sikumwambia.

Duluth tulipita haraka, ukungu ulikuwa umefunika daraja. Ziwa Superior lilimnyamazisha mwenzangu, ambaye ni mtu wa Mwanza na hana desturi ya kusifia ziwa la watu wengine. Victoria ni kilomita za mraba 68,000 hivi; hili linapita 82,000. Kina cha Victoria hakizidi sana mita 80. Hapa pana mahali penye mita 406. Aliingiza miguu mwezi wa Agosti akaitoa palepale. Tulitazama mnara wa Split Rock, uliowashwa 1910 baada ya tufani ya Novemba 1905 kuvunja meli nyingi ufukoni mle. Taa yake imestaafu tangu 1969. Tulinunua samaki wa moshi kandokando ya barabara, wengi kuliko tulivyoweza kula.

Kituo cha mwisho kilikuwa hifadhi ya Judge C. R. Magney, mbele ya Grand Marais. Pale mto Brule unagawanyika mara mbili juu ya mwamba: nusu inaanguka kama maporomoko mengine, nusu inatumbukia ndani ya shimo isionekane tena. Kwa miaka mingi watu walitupa humo vijiti na mipira wakingoja vitokee ziwani. Wataalamu wa jimbo walikuja kupima maji juu na chini ya maporomoko, wakakuta kiasi ni kilekile: maji yanarudi mtoni palepale chini kidogo. Mama Neema alisema angependa wasingepima.

Mvua ilitunyima moto. Asubuhi ya kuondoka karibu nusu ya kuni ilikuwa bado ipo, na nafasi kwenye buti ilitakiwa na samaki. Nikazibeba nikazipanga vizuri kati ya miti, nyuma ya kiwanja chetu, kwa ajili ya watakaokuja. Mama Neema alinitazama akasema, "Haya, angalau hapo umetoa sadaka." Nikaipokea sifa hiyo. Naandika sentensi hii kwa shida kuliko zote: niliipokea.

Tulikwenda kwanza kaskazini, Grand Portage, kuona maporomoko ya mto Pigeon ambao ng'ambo yake ni Kanada. Njiani tuliingia duka dogo lenye vikapu. Mama mmoja wa Kiojibwe alikuwa akiwaeleza wateja jinsi vinavyosukwa: wanakata mti uitwao eshi mweusi, unaoota kwenye mabwawa, wanaupigapiga kwa nyundo ya mti mpaka pete za miaka zinaachana zenyewe, halafu wanazivuta kama ukindu. Mtu akamuuliza kama miti hiyo ni mingi. Akajibu kwamba bado ipo, na kwamba wanamwogopa mdudu wa kijani anayeletwa ndani ya kuni.

Mama Neema alinunua kikapu. Mimi nilitoka nje.

Habari zenyewe nilizisoma baadaye, na hazikuwa zimefichwa; zilibandikwa kwenye mbao za matangazo za hifadhi zote tulizolala. Mdudu huyo ni mbawakavu wa Asia ya Mashariki, kijani cha kung'aa, mdogo kuliko punje ya karanga. Aligunduliwa Marekani mwaka 2002 jirani na Detroit, na inadhaniwa aliingia na mbao za kufungashia mizigo. Minnesota alionekana 2009, huko St. Paul. Mwenyewe haruki mbali. Mabuu yake hula chini ya gome, yanakata njia ya chakula na maji, na mti wa eshi ukishavamiwa hufa katika miaka michache. Jimbo hili lina eshi karibu bilioni moja, wengi wakiwa hao weusi wa mabwawani, na wakifa, hakuna wa kuyanywa maji ya bwawa. Yanapanda, na msitu unageuka majani. Na yale matita niliyoyaita mradi? Kuni zenye cheti cha joto hutiwa kwenye tanuri mpaka kiini cha gogo kifike nyuzi 60 za sentigredi na kukaa hapo dakika 60. Niliyekataa kumlipa ni mtu wa kuwasha tanuri.

Lakini hata bila kusoma, pale dukani nilikuwa nimekwisha kuelewa. Na barabara ya kurudi ni moja. Tulipita tena mbele ya Magney, lango likiwa mkono wa kulia. Ilikuwa kiasi cha kuingia, kuzipakia zile kuni na kuzipeleka ofisini. Ingenibidi niseme zilitoka wapi, na Mama Neema angesikia habari za buu. Nikaangalia mbele, nikaongeza mwendo kidogo. Nimeendesha gari miaka mingi, nimefanya mengi ya kipumbavu barabarani, na hilo ndilo baya kuliko yote, ingawa nilikuwa ndani ya spidi inayoruhusiwa.

Nyumbani, watu wa manispaa walikuja mtaani wakauwekea alama mti wa pili wa jirani. Vigogota walikuwa wameutoboa na kuuparura mpaka umekuwa na mabaka meupe. Niliwauliza wakanithibitishia: ni yeye, na ule wa kwanza pia alikuwa yeye. Wiki zikapita. Kila Jumamosi nilijiambia kuni zile zimekwisha kuchomwa na wageni waliofuata, na huenda ni kweli. Au zilikaa. Au mdudu alitoka, au hakutoka. Hilo sitalijua, maana mti huchukua miaka kuonyesha, na msitu ule una miti mingi kuliko mtu anavyoweza kuikagua.

Hatimaye nilipiga simu, Mama Neema akiwa kando yangu, maana kwa kifupi nilikuwa nimemwambia ninataka kuripoti kuni. Mama aliyepokea alikuwa mpole kupita kiasi. Akauliza kiwanja namba ngapi, tarehe, aina ya mti, kama gome lilikuwepo. Nikajibu, nikaongeza kwamba mabuu yalikuwemo. Akasema watamtuma mtu akaangalie, akanishukuru kwa kujali misitu. Nami nikamwambia samahani, hatukuijua sheria, tulisahau kuuliza. Nikakata.

Mama Neema aliweka kikombe chini. "Mimi nilisahau nini?" akauliza. Nikasema ni namna ya kuongea tu. "Mimi nilikusomea sharti lile jikoni hapa hapa. Mimi nilisimama pale ofisini nikaona aibu. Umenitia kwenye uongo wako mara mbili." Kisha akauliza swali nililokuwa nikilikimbia tangu Itasca: nilijuaje kumwambia yule mama kwamba mabuu yalikuwemo?

Nikamweleza: gome, vijia, unga, buu lililojivuta. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alipoongea hakupaza sauti, na hakuniita Baba Neema. Aliniita kwa jina langu, jambo ambalo hulifanya tukiwa benki au hospitalini. Akasema watu wale wanatakiwa kujua kwamba mtu aliona buu hai akaziacha kuni porini, kwa kuwa hiyo ni habari tofauti na ya mtu aliyesahau, na huenda wakaangalia kwa makini zaidi.

Akanisogezea simu. Safari hii alipokea kijana. Nikataja jina langu, namba ya kiwanja, nikaanza upya, kuanzia kwa kijana mwenzake wa Itasca, aliyeniuliza kama nina kuni.