Mpiga Mbizi wa Tunduma

Mtu afikaye Tunduma, mpakani na Zambia, zaidi ya kilometa 900 kutoka Dar es Salaam, hutarajia msururu wa malori, reli ya TAZARA iliyokabidhiwa mwaka 1976, na baridi ya jioni. Hatarajii habari za matumbawe. Lakini ndiko nilikomkuta mtu wa makamo, mzaliwa wa hapo, aliyekuwa akipiga mbizi kwa mitungi ya hewa kisiwani Mafia hadi alipopatwa na kiharusi. Sasa yuko kwa dada yake, na kila asubuhi hutembea polepole kandokando ya reli.

"Mguu umetii, ndugu mwandishi. Mkono ndio bado mkaidi."

Ataka kurudi baharini. Si jambo jepesi. Meta 10 tu chini ya maji, kani huwa maradufu ya ile ya juu. Naitrojeni huingia damuni, na apandaye haraka hupata mapovu mwilini. Tena, kwa mtu mmoja kati ya wanne hivi, kitundu cha moyoni alichozaliwa nacho hakikuziba. Povu au damu iliyoganda yaweza kupenya hapo hadi ubongoni. Hicho ndicho daktari atakachokichunguza kwanza. Kiharusi huweza pia kuacha kifafa, na kifafa kikimshika mtu chini ya maji, ni kufa.

Nikamtania kwamba Ziwa Rukwa li karibu. Akacheka: kina kifupi, na mamba tele!

Dada yake, aliyemlisha kwa kijiko miezi ile, hakucheka.

"Daktari akikubali, nitafuatana naye Mafia," alisema. "Nitamngoja mashuani."

Bahari yenyewe hajapata kuiona.