Mkono wa Kushoto

Tangu presha ipasue mshipa upande wa kulia wa ubongo wa shosho, usiku mimi husoma habari za panya. Watafiti huwadunga ubongoni kolajenasi, kimeng'enya kinachomomonyoa kuta za mishipa mpaka damu ivuje. Kisha panya anawekwa ndani ya silinda ya kioo. Akisimama kuchungulia, wanahesabu: ameshika ukuta kwa mguu gani wa mbele? Aliyevuja damu kulia hutegemea zaidi mguu wa kulia. Hata kwenye kona, mara nyingi hugeukia kulia.

Baada ya wiki chache wengi wanatembea vizuri tu. Lakini watafiti hawadanganyiki haraka kama majirani zetu. Panya anaweza kufikia chakula kwa ujanja, mguu mbovu ukiwa bado ni mbovu. Kupona ni kitu kimoja, kuzoea ni kingine.

Shosho sasa anapika chai kwa mkono mmoja, kifuniko cha thamosi akikibana kwa magoti. Wageni wanasema, "Aki amepona!" Anacheka, mkono wa kushoto uko ndani ya leso. Mjomba naye anataka tuache kulipia mazoezi ya viungo, eti anajiweza.

Jumanne nampeleka. Nauli ninayo.