Étienne na Stefano ni Mtu Mmoja

Mwezi huu tunaomba nafasi kidogo tuongee juu ya jina la papa wetu. Sisi tunaoandika ni watoto wa nyumba moja, na mmoja wetu ni mwalimu wa kujitolea hapa kambini. Msione ni jambo dogo. Jina hilo lilitutesa nyumbani karibu mwaka mzima.

Papa alizaliwa Fizi mwaka 1960, akabatizwa Étienne. Alipovuka ziwa mwaka 1996 na kufika hapa Tanzania, karani alimuuliza jina kwa Kiswahili. Papa, kwa adabu yake, naye akajibu kwa Kiswahili: "Stefano." Aliona amemrahisishia karani kazi, maana katika Biblia ya Kiswahili Étienne ni Stefano. Basi, ikaandikwa hivyo.

Sisi tulizaliwa hapa hapa kambini. Kwa mkubwa wetu, papa mwenyewe alikwenda kutoa majina, na karatasi ikasema baba ni Stefano. Kwa wadogo wawili alikwenda mama, naye akataja jina analomwita kila siku nyumbani: Étienne.

Miaka ikapita. Siku tulipoitwa kwenye mahojiano ya faili la familia, karatasi zote ziliwekwa mezani. Aliyekuwa anatuuliza akazisoma, akamtazama mama, akasema: "Mama, hawa watoto wana baba wawili?"

Mama hakujibu. Alikaza kitenge chake, akatazama chini. Papa alitaka kueleza, akaambiwa asubiri zamu yake. Ilipofika zamu yake, akatoa cheti chake cha shule cha zamani. Kumbe ndiyo akaongeza matata! Kwenye cheti kile hakuna Étienne wala Stefano, kuna jina la babu tu. Wazee mnakumbuka: mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia wa Zaire waache majina ya Kikristo ya kigeni. Papa alisoma miaka ile. Sasa mezani wakawa wanaume watatu, na papa wetu mmoja amekaa pale kwenye kiti.

Faili likasimamishwa. Jioni ile hakuna aliyekula vizuri. Mama alisema neno moja tu: "Miaka yote hii, leo naulizwa hivyo mbele ya watoto wangu."

Hapo ndipo tulipoanza kulitafuta jina hili, tujue limetoka wapi.

Limetoka kwa Wagiriki. Kwao *stephanos* ni taji, lile la majani ambalo mshindi wa michezo alivikwa kichwani. Stefano tunayemjua wengi ni yule wa Matendo ya Mitume, sura ya 6 na ya 7, aliyepigwa mawe hadi akafa. Wakristo walimheshimu sana, kwa hiyo jina lilitembea nao Ulaya nzima, na kila taifa lililitamka kwa ulimi wake. Waitaliano wanasema Stefano, sawa kabisa na sisi. Wajerumani Stefan, Waingereza Stephen au Steven, Warusi Stepan, Wakroatia Stjepan. Wafini waliona mwanzo wake mgumu, wakaukata, wakabaki na Tapani. Tarehe 26 Desemba, sikukuu ya mtakatifu huyu, kwao ni siku ya Tapani.

Na Étienne je? Hapa ndipo wanafunzi wetu hushangaa. Watu wa zamani wa Ufaransa na Hispania walipata taabu kuanza neno kwa s na t pamoja. Hata wazee wetu wengine husema "Sitefano" na "sitesheni", wanatia i katikati. Wale wenzetu walitia e mbele. Wahispania wakapata Esteban, Wareno Estêvão, Wafaransa Estienne. Baadaye Wafaransa wakaacha kuitamka ile s, ikabaki Étienne, na kile kialama juu ya E.

Watoto, fungueni madaftari yenu ya Kifaransa mjionee. *Étoile*, nyota, Mhispania anasema *estrella*. *École*, yeye anasema *escuela*, na Mwingereza *school*. Hata neno letu "shule" tulilipata kwa Wajerumani, *Schule*, na ni la ukoo huo huo. Kwa hiyo mkiona neno la Kifaransa linaanza na é, jaribuni kurudisha s. Mara nyingi mtamkuta ndugu yake.

Wahungaria nao walitia i mbele, wakasema István. Mfalme wao wa kwanza aliitwa hivyo, na alivikwa taji karibu na mwaka 1000. Na kuna mwingine aliyetufurahisha zaidi. Kwao aliitwa Báthory István, maana Wahungaria hutanguliza jina la ukoo. Kisha akawa mfalme wa Poland tangu 1576 hadi kufa kwake mwaka 1586, na Wapolandi wanamwandika Stefan Batory. Majina mawili, mtu mmoja, na hakuna aliyemuuliza mke wake neno baya.

Tulimsomea papa habari hiyo, akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu siku ile.

Kilichotusaidia ni mzee katekista wa mtaa wetu. Tulipoitwa tena, aliomba ruhusa kuingia nasi. Alikuja na Biblia mbili, ya Kifaransa na ya Kiswahili. Akazifungua zote mbili Matendo sura ya 6, akazilaza mezani, akaweka kidole kimoja huku kwenye Étienne na kingine kule kwenye Stefano. Hakuongea mengi. Aliyekuwa anauliza, na huyu alikuwa mwingine, alisoma, akasoma tena, akaandika. Baada ya miezi kadhaa karatasi zetu zikawa na baba mmoja.

Ndugu zetu, hatuko peke yetu. Hapa kambini kuna akina Jean ambao mahali pengine wameandikwa Yohana au John. Kuna akina Jacques walioandikwa Yakobo au James. Kuna Pierre na Petro, Guillaume na William. Majina hayo ni mamoja, lakini karani hana lazima ya kujua. Tunawaomba: tajeni jina kama lilivyo kwenye karatasi ya kwanza, msilitafsiri. Mkitoa jina la mtoto, nendeni na kitambulisho, muonyeshe herufi kwa herufi. Kama makosa yameshaingia, semeni mapema, msingoje siku ya mahojiano.

Mama sasa anamwita papa Stefano akiwa amekasirika, na Étienne akiwa na furaha. Wiki hii tumesikia Étienne siku nyingi.