Jicho Lipo, Mechi Hazipo

Kundi letu la WhatsApp, la watu wa kaunti za Migori na Homa Bay, Kenya, tunaoishi Minnesota, Marekani, limepata wazo. Tuchange pesa, tumpeleke kocha wa Kimarekani nyumbani mwezi wa Agosti, aandae kambi ya wiki moja ya kusaka vipaji vya wasichana wanaocheza soka. Watakaomridhisha watafutiwe shule na vyuo huku. Nia ni njema, na walioleta wazo hilo ni watu ninaowaheshimu. Baadhi yao ndio walionipokea nilipofika nchi hii. Hata hivyo sitaliunga mkono, na kwa kuwa ujumbe wa simu hautoshi kueleza sababu, naandika hapa.

Wazo la kambi linachukulia kwamba nyumbani hakuna wa kuviona vipaji. Mimi naona kinyume. Anayemwona msichana mwenye kipaji yuko, tena anamwona mapema na bila malipo. Kinachokosekana ni kile ambacho kingefuata baada ya kuonwa.

Nianze na huku. Siku ya majaribio ya klabu, wasichana wanajaa uwanjani jioni na kila mmoja anabandikwa namba ya karatasi mgongoni. Makocha wanasimama pembeni na ubao wa kuandikia. Majina hawayajui, wanajua kwamba namba 47 ana kasi na namba 112 anapoteza mpira akibanwa. Siku ya pili wanachezeshwa mechi ndogondogo, wanne kwa wanne. Kisha barua pepe inafika: timu ya kwanza, ya pili, ya tatu, au asante kwa kuja. Barua hiyohiyo ina mahali pa kubofya ili ulipe.

Hapo kwenye kulipa ndipo mchujo wenyewe ulipo. Katika ligi za juu za wasichana, ECNL iliyoanza 2009 na Girls Academy iliyoanza 2020, familia hutoa maelfu ya dola kwa mwaka ukijumlisha ada, sare, usafiri na hoteli za mashindano ya majimbo mengine. Hope Solo, kipa aliyetwaa Kombe la Dunia na Marekani mwaka 2015, alisema hadharani mwaka 2018 kwamba kwa gharama za sasa familia yake isingemudu kumchezesha. Nchi hii imeshinda Kombe la Dunia la wanawake mara nne, na bado inawaacha nje watoto ambao wazazi wao wanaunganisha zamu mbili katika nyumba za kutunzia wazee. Wazazi hao ni sisi.

Kuna kasoro nyingine isiyosemwa sana. Kwa miaka kumi hivi makundi ya umri huku yalihesabiwa kuanzia Januari 1, na kuanzia msimu wa 2026/27 hesabu inarudi Agosti 1 ili watoto wa darasa moja wacheze pamoja. Vyovyote utakavyoikata, aliyezaliwa mwanzoni mwa hesabu anamzidi wa mwishoni kwa karibu mwaka mzima. Kwenye umri wa miaka 11 mwaka mmoja ni kimo na kifua. Kocha mwenye jioni mbili tu za kuamua humchukua mkubwa, akidhani amechukua bora.

Lakini lipo jambo moja ambalo nalisifu bila kusita. Msichana wa timu ya tatu, yule ambaye hakuna aliyemtabiria makuu, anacheza kila wikendi. Theluji ikianguka wanahamia ndani, kwenye kuba kubwa lililojazwa hewa na kutandikwa nyasi bandia. Mwaka ukiisha amecheza mechi thelathini au zaidi, na kila alipokosea palikuwa na mtu wa kumrekebisha. Akifika sekondari kuna timu ya shule. Akimaliza kuna ya chuo, kwa sababu sheria ya Title IX ya 1972 ilizipiga marufuku shule na vyuo vinavyopokea pesa za serikali kuu kuwabagua wanafunzi kwa jinsia. Aliyepitwa akiwa na miaka 12 anaweza kuonwa akiwa na 17.

Sasa twende Rongo, kaunti ya Migori. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi karibu na mji huo ana daftari la kawaida la wanafunzi, amelichorea mistari kwa rula, na ndani yake kuna majina ya wasichana wanaocheza. Alinionyesha wakati wa likizo ya Desemba. Nilitarajia kuona idadi ya mabao. Hakuna. Ameandika kwamba huyu hutazama nyuma ya bega kabla ya kupokea pasi. Huyu hucheza na kaka zake, nao hawamhurumii. Huyu akipokonywa mpira huukimbilia papo hapo. Pembeni mwa jina moja ameandika kuwa msichana huyo amerefuka ghafla mwaka huu na miguu bado haijamtii, kisha neno moja: avumiliwe. Kwenye ubao wa kocha wa huku sijawahi kuliona neno hilo.

Mwalimu huyo anawajua wasichana hao tangu gredi za chini. Anajua yupi hulelewa na nyanya yake, yupi huchota maji kabla ya mazoezi, na nani aliacha kuja tangu mama yake alipoanza kwenda ufukweni Karungu kununua omena. Mgeni wa wiki moja ataona mbio na mikwaju tu.

Walezi wa namna hiyo wametoa wachezaji wakubwa hata huku. Naomi Girma, beki ambaye Chelsea walimnunua Januari 2025 kwa takriban dola milioni 1.1, mwanamke wa kwanza kuuzwa kwa zaidi ya dola milioni moja, ni mtoto wa wahamiaji kutoka Ethiopia. Soka aliianzia San Jose, California, katika mikusanyiko ya wikendi ambayo baba yake na jamaa wa jumuiya yao waliwaandalia watoto wao. Klabu za kulipia na Chuo Kikuu cha Stanford vilikuja baadaye. Wazazi waliokuwa na mpira na nafasi ya kuuchezea ndio waliotangulia.

Kwa hiyo jicho tunalo. Shida yetu iko kwenye kalenda. Soka ya shule Kenya ni mashindano ya muhula wa pili, na mfumo wake ni wa mtoano: zoni, kaunti ndogo, kaunti, eneo la Nyanza, kisha taifa. Shule inayong'olewa kwenye zoni imemaliza mwaka. Msichana aliyetiwa alama kwenye daftari la mwalimu anaweza kupata mechi tatu za ushindani, akapoteza ya tatu, akakaa hadi mwaka ujao. Kombe la mwanasiasa likitokea, ni la wiki mbili na mara nyingi la watu wazima. Hakuna kipaji kinachoiva kwa mechi tatu kwa mwaka. Nalisema hili kwa uchungu, maana watoto hao nimewaona kwa macho yangu na siamini kuwa wanapungukiwa na chochote cha kuzaliwa nacho.

Pengo hilo linaangukia umri mbaya kabisa. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya (KDHS) wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 23 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 Homa Bay wamewahi kupata mimba, na Migori ni asilimia hiyohiyo 23, ilhali wastani wa taifa ni 15. Upande wa Kuria, likizo ya Desemba bado ni msimu wa hofu ya ukeketaji, ingawa sheria iliupiga marufuku 2011. Machimbo ya dhahabu ya Macalder na fuo za Ziwa Victoria huvuta watoto kutoka darasani. Sidai kwamba mpira ni dawa ya hayo yote. Ninachodai ni kwamba msichana mwenye mechi Jumamosi ana mtu mzima wa kuuliza Jumatatu kwa nini hakuonekana, na swali hilo likiulizwa mapema huenda likamwokoa.

Wanaochukuliwa na shule zenye jina kubwa katika soka ya wasichana, kama Nyakach Girls kule Kisumu, Wiyeta ya Trans Nzoia au Butere ya Kakamega, wanapata mazoezi ya kweli. Nawafurahia. Lakini kila mara shule kama hizo zinapomchukua mmoja, wenzake kumi aliowaacha kijijini wanapoteza mchezaji aliyekuwa akiwavuta juu, na mwalimu anafungua ukurasa mpya wa daftari.

Anayetilia shaka kama wasichana wa shule zetu wanaweza kufika mbali akumbuke 2024. Junior Starlets, timu ya wasichana chini ya miaka 17 iliyofunzwa na Mildred Cheche, iliichapa Burundi jumla ya mabao 5-0 na kuwa timu ya kwanza ya soka ya Kenya, ya kike au ya kiume, kufuzu Kombe la Dunia la FIFA. Katika Jamhuri ya Dominika walifungwa na Uingereza na Korea Kaskazini, na hao Wakorea ndio waliotwaa kombe, kisha wakaipiga Mexico 2-1. Miaka miwili kabla, Serengeti Girls wa Tanzania walikuwa wamefika robo fainali kule India baada ya kuifunga Ufaransa. Timu hizi mbili hazikupatikana kwa kambi ya wiki moja.

Yapo mambo ya kubeba kutoka ng'ambo, nami ningebeba mawili. La kwanza ni magoti. Wasichana huumia kano ya goti iitwayo ACL mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na huko kwetu goti likishakatika, soka imekwisha. Upasuaji wake ni pesa ambazo familia ya Ndhiwa haina. Mazoezi ya kupasha mwili yanayoitwa FIFA 11+ huchukua dakika ishirini na hayahitaji kifaa zaidi ya mpira. Yalijaribiwa Norway kwa wasichana karibu 1,900 wa miaka 13 hadi 17, matokeo yakachapishwa 2008: majeraha yalipungua kwa karibu theluthi, na yale makubwa kwa karibu nusu. Kumfunza mwalimu mazoezi hayo ni kazi ya siku moja. Kwa maoni yangu kocha yeyote anayetoka huku na asiwafunze walimu hayo amepoteza nauli yetu.

La pili ni karatasi, yaani usajili. Kanuni za FIFA za uhamisho zimeiacha soka ya wanawake nje ya fidia ya malezi, ile inayolipwa klabu iliyomkuza mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa. Kilichobaki ni mgao wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei hugawiwa klabu alizochezea kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Chukua bei kama ya Girma. Mgao wote ni dola 55,000. Klabu iliyomlea kuanzia miaka 12 hadi 15 hupata dola 2,750 kwa kila msimu, yaani dola 11,000 kwa minne, zaidi ya shilingi milioni moja. Lakini ni lazima iwe klabu iliyosajiliwa na shirikisho, na msichana awe amesajiliwa humo kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Timu ya mwalimu wangu wa Rongo haimo popote. Msichana wake akiuzwa Ulaya kesho, shule itaandikwa kwenye gazeti na haitapata hata mipira miwili.

Ndugu zangu wa kundi, hesabu yangu ni hii. Nauli ya kocha mmoja kutoka Minneapolis, hoteli yake Homa Bay mjini, gari la kumzungusha na jezi za kambi zinatosha kuendesha ligi ya Jumamosi ya wasichana wa miaka 11 hadi 15 kwa miezi mingi. Tangu 2023 gredi za 7 hadi 9 zinasomea katika shule za msingi, kwa hiyo wasichana wa umri huo wako karibu na nyumbani na karibu na mwalimu anayewajua. Mtaala mpya pia umeweka mkondo wa sanaa na sayansi ya michezo kuanzia gredi ya kumi. Mtoto mwenye rekodi ya misimu mitatu ataingia huko akiwa na cha kuonyesha.

Tulipie nauli za timu, posho ya waamuzi, chakula cha mchana siku ya mechi, sodo kwa kila mchezaji, na kitu kidogo kwa walimu ambao kwa miaka wamejitolea Jumamosi zao. Tusajili timu hizo kama klabu za jamii, majina yaingie kwenye vitabu vya shirikisho. Kila mtoto acheze, hata yule wa timu ya tatu. Hapa Minnesota tuna mfano wa uchangaji: Minnesota Aurora, timu ya wanawake iliyocheza msimu wake wa kwanza 2022, inamilikiwa na watu wa kawaida zaidi ya 3,000 walionunua hisa ndogondogo. Sisi tuliokulia kwenye vyama na harambee hatuhitaji kufundishwa namna hiyo ya kuchanga.

Ningeanza na shule zilizo kando ya barabara ya Rongo kwenda Homa Bay kupitia Rodi Kopany, kwa sababu inagusa kaunti zote mbili na matatu hazikosekani, timu zikaweza kwenda na kurudi kabla ya giza. Msimu wa pili tungeenda Nyatike na Kuria. Suba iwekewe bajeti yake yenyewe tangu mwanzo, maana timu ya kisiwa cha Mfangano italazimika kuvuka ziwa kwa boti, na wasichana watahitaji makoti ya kuokolea ambayo sasa hawana.