Kuopoa si Kufufua: Kumbukumbu za Kompyuta Iliyokataa Kuwaka

1.0 Utangulizi

Makala haya si matokeo ya utafiti kwa maana tuliyoizoea. Ni masimulizi ya mkasa ulionifika ofisini mwangu mwaka 2021, pamoja na tafakuri chache zilizonijia baadaye. Nimethubutu kuyaleta mbele ya wasomaji kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wetu tunaoshughulika na lugha na fasihi simulizi tumeziweka data zetu zote ndani ya chombo ambacho undani wake hatuujui. Pili, njia iliyotumika kuziokoa data hizo ilinifunza jambo ambalo sikulitazamia, nalo ni kwamba fundi mwema wa kompyuta na mhariri mwema wa miswada hufuata miiko ileile.

Data zenyewe zilikuwa ngano kumi na tisa za Kimtang'ata, lahaja ya pwani iliyo baina ya Tanga na Pangani, ambayo Whiteley aliichapishia uchunguzi wake mwaka 1956. Mwanafunzi wangu wa uzamili alizinasa kutoka kwa bibi mmoja wa makamo ya miaka themanini na ushei. Kinasasauti kilikuwa mali ya idara, na mwanafunzi mwingine alikuwa akikisubiri. Basi nilizihamishia rekodi hizo kwenye kompyuta yangu ya mezani, kisha nikamwambia mwanafunzi kwa kauli yangu mwenyewe: "Zimeshafika salama. Futa." Akafuta. Mwezi wa Machi yule bibi akafariki dunia. Mwezi wa Mei kompyuta yangu ikakataa kuwaka.

2.0 Mkasa Wenyewe

Kusema kweli, kuwaka iliwaka. Feni ilizunguka na taa ndogo ya mbele ikaonekana, lakini kioo kilibaki cheusi, na juu yake mstari mmoja wa maandishi meupe uliosema kuwa hapakuonekana chombo cha kuanzishia. Niliizima na kuiwasha mara nyingi, kama mtu anayemtikisa maiti akidhani amelala. Baadaye niliambiwa kuwa kila mara nilipofanya hivyo niliilazimisha diski mbovu izunguke na kujisoma upya, na kwa hiyo niliyakaribisha maangamizi kwa mikono yangu mwenyewe.

Fundi wa kwanza niliyemwita hakukawia. Aliitazama kwa dakika chache, akasema, "Hii naipiga Windows upya, Mwalimu, jioni unaichukua ikiwa kama mpya." Sikuona ubaya wa maneno hayo. Nilikuwa na mitihani ya kusahihisha na ripoti ya idara iliyochelewa. Kompyuta iliyo kama mpya ndiyo hasa niliyoitaka. Nilikwisha kuitikia kwa kichwa pale mwanafunzi wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni muda wote huo, alipouliza kwa sauti ya chini: "Na zile ngano, Mwalimu?"

Swali hilo ndilo lililoziokoa. Yule fundi hakuwa mwongo, kwa maana mashine ingekuwa kama mpya kweli. Lakini kitu kipya hakikumbuki chochote.

3.0 Orodha na Kinachoorodheshwa

Ili kuelewa hatari iliyokuwapo, hatuna budi kutenganisha mambo mawili ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Kompyuta inapowashwa, kwanza hujikagua viungo vyake, kisha hutafuta kwenye diski programu itakayoanzisha mfumo mzima. Sehemu hiyo ikiharibika, kompyuta husimama hapohapo. Mtu aliye nje huona kuwa kila kitu kimekufa, kumbe kilichokufa ni mlango tu. Maktaba ambayo ufunguo wake umevunjikia kitasani haijapoteza kitabu hata kimoja.

Kuna tofauti ya pili iliyo ya ndani zaidi. Katika mpangilio wa diski uitwao NTFS, ambao Windows huutumia, kuna jedwali kuu ambamo kila faili huandikiwa jina lake, ukubwa wake, tarehe zake na mahali yalipo yaliyomo. Faili linapofutwa, ingizo lake katika jedwali hutiwa alama kuwa nafasi ile i huru. Yaliyomo, kwa kawaida, hubaki palepale kwenye diski ya sumaku mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kadhalika jedwali lenyewe likiharibika, si lazima yaliyoorodheshwa yawe yameharibika. Wanafunzi wa miswada wanalifahamu jambo hili. Orodha ya miswada ya Kiswahili na Kiarabu aliyoitayarisha J. W. T. Allen, na kuchapishwa mwaka 1970, ni hazina kubwa. Lakini nakala za orodha ile zikiteketea zote leo, miswada iliyomo maktabani Dar es Salaam haitateketea pamoja nazo. Itakuwa migumu kuonekana, basi.

Kuipiga Windows upya ni jambo jingine kabisa. Ni kuandika gigabaiti nyingi za maandishi mapya juu ya diski, pengine juu ya zile kurasa zinazotafutwa. Ni sawa na kuchukua ngozi ya mswada wa kale, kuikwangua, na kuandika juu yake hesabu za duka.

4.0 Miiko Mitatu

Fundi wa pili alikuwa kijana mpole asiyependa maneno mengi. Swali lake la kwanza lilikuwa kama diski ilikuwa ikitoa mlio wa kugongagonga. Nilipomwambia kuwa haikuwa ikifanya hivyo, alishusha pumzi. Mlio wa namna hiyo aghalabu ni dalili kwamba kichwa kinachosoma kimeharibika, na hapo dawa ni kuizima mashine mara moja na kuipeleka kwa wenye vyumba visivyo na vumbi na zana maalumu. Kisha akaifungua kompyuta, akaitoa diski, na kuiunganisha na mashine yake iliyokuwa ikitumia Linux.

Mwiko wake wa kwanza ulikuwa kutoandika chochote juu ya diski iliyougua. Wa pili ulikuwa kutofanya kazi juu ya kitu asilia kabla ya kukinakili. Alitumia programu iitwayo ddrescue, iliyotungwa na Antonio Diaz Diaz. Programu hii haisomi kwa pupa. Hunakili kwanza sehemu zilizo nzima, huziruka zilizo mbovu, huandika katika daftari lake ni wapi iliporuka, kisha huzirudia zile mbovu kipande kwa kipande. Diski ya gigabaiti 500 ilichukua usiku kucha na sehemu ya mchana. Nilipokuwa nikitazama namba zikibadilika kwenye kioo niliwakumbuka wanakili wetu wa pwani, ambao walipolikuta neno lililoliwa na mchwa hawakuuacha utenzi mzima kwa ajili yake.

Baada ya hapo diski yenyewe iliwekwa kando, na kazi iliyobaki ikafanywa juu ya nakala. Rasimu ya tasnifu na barua za idara zilirudi na majina yake. Lakini ile sehemu ya jedwali iliyohusu folda ya rekodi ilikuwa imeharibika, na hapo ikatumika programu nyingine, PhotoRec, ya Christophe Grenier. Hii hailijali jedwali kabisa. Hupita diskini kutoka mwanzo hadi mwisho ikitafuta fomula za ufunguzi, kwa kuwa kila aina ya faili huanza kwa namna yake. Hati za Word za siku hizi huanza kwa herufi PK, zilizo kifupisho cha jina la Phil Katz, aliyebuni muundo wa ZIP unaotumika ndani yake. Na mafaili ya sauti ya aina ya WAV huanza kwa herufi RIFF. Mwanafunzi wangu alicheka kwa mara ya kwanza katika wiki ile. "Kumbe ni paukwa, pakawa," alisema. Ndivyo ilivyo. Anayesikia "Paukwa!" gizani hahitaji kuambiwa kwamba ngano imeanza.

Rekodi kumi na saba zilirudi nzima. Ya kumi na nane ilirudi na jeraha. Ya kumi na tisa haikuonekana hadi leo.

5.0 Pengo

Programu ya namna hii huokoa matini bila anwani. Rekodi zilirudi zikiitwa kwa herufi moja na mfululizo wa tarakimu. Ili kuzitambua ilitubidi kuzisikiliza moja baada ya nyingine, na anayezijua zaidi alikuwa mjukuu wa marehemu, ambaye ndiye aliyekuwa akimwitikia bibi yake wakati wa kunasa. Tulimfuata kijijini. Sauti ilipoanza, alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaanza kutupa majina, naye mwanafunzi akiandika.

Katika ngano ile yenye jeraha, mke anamwuliza nahodha alichokiona baharini. Hapo sauti inakatika. Mahali ambapo ddrescue imeshindwa kusoma, nakala hubaki na sifuri tupu, na katika faili la WAV la kawaida sifuri ni kimya. Sekunde moja ya sauti iliyonaswa kwa mkondo mmoja, kwa vipimo 44,100 vya biti 16, ni baiti 88,200. Kimya chetu cha sekunde kumi na moja ni karibu baiti milioni moja zilizopotea. Kisha bibi anarudi, wasikilizaji wake wanacheka, na sisi hatujui wanachekea nini.

Mjukuu alisema: "Jibu nalijua, Mwalimu. Lakini nitalisema kwa maneno yangu, siyo yake."

Nakiri kwamba nilishawishika. Kuliunga jibu la mjukuu ndani ya matini kungekuwa kazi ya dakika tano, na hakuna mtahini ambaye angetambua. Lakini mwiko wa tatu, ambao fundi aliutii kwa kuandika kila sehemu iliyoshindikana katika daftari la programu yake, ni kwamba pengo liachwe lionekane. Mwanafunzi aliandika katika manukuu yake "[kimya, sekunde 11]", na masimulizi ya mjukuu yakawekwa kiambatishoni kwa jina lake yeye mwenyewe.

6.0 Hitimisho

Mafundi wetu husema kuwa "wamefufua mafaili". Naona kitenzi hicho hakifai. Kufufua ni kumrudishia uhai aliyekufa, na hilo si kazi ya binadamu. Kilichofanyika ni kuopoa: kitu kimezama, kipo chini, na anayekitaka hushusha kamba taratibu bila kuyavuruga maji. Huenda akakipata kizima, huenda akakipata kimevunjika.

Si kila kisima kinaopoleka. Kompyuta nyingi za sasa hutumia diski zisizozunguka, ambazo mara nyingi huondoa kabisa yaliyofutwa muda mfupi baada ya kufutwa. Na nyingi zimefungwa kwa usimbaji kama BitLocker, ambapo asiye na ufunguo wake wa tarakimu 48 atapata diski nzima isiyosomeka. Kwa hiyo elimu ya kuopoa haiwezi kushika nafasi ya elimu ya kunakili. Na kunakili tunakujua tangu zamani. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mnamo 1840. Mashairi yake tunayasoma leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua bin Abdallah na William Taylor waliyakusanya na kuyaandika miongo kadhaa baadaye, na Hichens akayatoa kitabuni mwaka 1940. Kama wangeridhika kwamba "yamefika salama" vichwani mwa wazee, tusingekuwa nayo.

Ngano zile sasa zina nakala tatu. Moja iko idarani, ya pili iko maktabani. Ya tatu iko kijijini, katika simu ya mjukuu, naye ndiye anayezisikiliza.