Ukirudi Nzega, Beba Waya

Hapa Columbus, Ohio, mtu akitaka kuangalia chumbani muvi iliyo kwenye kompyuta ya sebuleni, hainuki kitandani. Anabonyeza alama moja kwenye simu, picha inapita hewani na kutokea kwenye TV. Nyumba zenyewe zinaruhusu. Kuta za ndani ni fremu za mbao zilizofunikwa jipsamu, ukizigonga zinatoa mlio wa uwazi, na mawimbi ya WiFi yanapenya bila shida. Intaneti inalipiwa kwa mwezi, hakuna anayehesabu GB.

Nyumba ya mjomba wangu kule nyumbani Nzega ni ya tofali za kuchoma, plasta ya saruji ndani na nje, bati juu. Imara kabisa, na baridi ya usiku wa Juni haiingii. Lakini ruta ikiwekwa sebuleni, vyumba vya mwisho wa korido havipati kitu cha maana. Masafa ya 5 GHz, ambayo ndiyo yenye kasi, huchoka mapema yakikutana na kuta kama hizo. Ya 2.4 GHz hufika mbali zaidi, ila kasi yake ni ndogo na picha nzito huganda.

Nasema haya kwa sababu kila Desemba naona ndugu wa huku wakipakia kwenye mabegi vile vijiti vya kuchomeka nyuma ya TV. Chromecast ilipotoka mwaka 2013 ilirahisisha mambo kweli, sikatai. Ila kijiti hicho kinadai intaneti hata kukiwasha mara ya kwanza, na intaneti ya nyumba nyingi Nzega ni bando kwenye simu ya mtu mmoja. Netflix kwa picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa. Nani atamwachia mpwa wake bando la wiki liishe kwa muvi moja? Kijiti kinaishia kwenye droo ya kabati la vyombo, na aliyekituma anaambiwa kwa heshima kwamba kinafanya kazi vizuri.

Na wakati huohuo muvi zipo tayari! Tangu enzi za mtafsiri Lufufu watu wamezoea filamu za nje zenye sauti ya mtafsiri juu yake, na leo zinajazwa kwenye flashi dukani, zinaingia kwenye kompyuta ya nyumbani, zinarundikana humo. Kinachohitajika ni kuzifikisha chumba cha pili, na hilo mafundi wetu walilitatua zamani.

Ingia gesti yoyote ya njia panda ya Nzega. Malori yanayotoka Singida na Igunga kuelekea Kahama, Rwanda na Kongo hupita Nzega, na barabara ya Tabora inaungana hapo, kwa hiyo madereva wengi hulala mjini. Kwenye gesti nyingi, kifaa kimoja kiko mapokezi, king'amuzi au kompyuta, na kila chumba kina TV yake, baadhi za chogo. Katikati kuna modyuleta, kisanduku kidogo kinachopokea picha na sauti na kuzigeuza kuwa chaneli ya kawaida ya antena. Waya wa dishi unatoka hapo, unagawanywa, unaingia kila chumba. TV ya chogo isiyojua HDMI ni nini inaipata chaneli hiyo kama inavyopata kituo chochote. Ubaya wake ni kwamba wote mnaangalia kitu kimoja. Saa mbili usiku taarifa ya habari ikigongana na mechi, mapokezi panachemka.

Nilimtazama fundi akifanya kazi hiyo kwa mjomba. Alimenya ganda la nje la waya kwa wembe, akakunja nyuzi za kinga kurudi nyuma, akaacha msumari wa shaba katikati ukiwa safi, kisha akazungusha konekta kwa vidole mpaka ikakaza. Uzi mmoja wa kinga ukigusa shaba ya kati, aliniambia, picha haiji. Waya aliupitisha kwenye tundu la hewa juu ya mlango. Nilipomuuliza kuhusu WiFi akatikisa kichwa: "Dada, hiyo ya hewani itakugandia. Tupitishe waya, ulale."

Alikuwa sahihi. Ningeongeza jambo moja tu, kwa wenye TV bapa. Waya wa HDMI wa kawaida ukizidi mita 10 au 15 huanza kusumbua, lakini kuna visanduku viwili vinavyouzwa kama jozi, kimoja kwenye kompyuta na kingine kwenye TV, vinavyosafirisha HDMI juu ya waya wa mtandao hadi mita 50 hivi. Waya huo uwe wa shaba tupu, si alumini iliyopakwa shaba. Hiyo ndiyo zawadi ya kubeba.

Kama TV ni ya smati, ruta ya bei nafuu nayo inatosha, hata bila bando. Kwenye hili watu wengi nyumbani hawajaambiwa ukweli: WiFi si intaneti. Ruta isiyo na bando bado inaunganisha kompyuta na TV ndani ya nyumba, na muvi ikipita humo haigusi hata MB moja ya mtu. Programu ya bure kama Universal Media Server inaifanya kompyuta ionekane kwenye orodha ya TV. Kwa kuta zile, ruta na TV ya chumbani ziunganishwe kwa waya. Waya wa mtandao unafika mita 100.

Kabla ya kufunga begi, soma kibandiko cha chaja ya kila kifaa. Umeme wa Marekani ni volti 120 na wa nyumbani ni 230, kwa hiyo kiwe kimeandikwa 100–240. Na waya ukitoka nje kwenda nyumba ya pili, uchomolewe pande zote mbili mawingu ya mvua yakianza kujikusanya, kwa sababu radi ikipiga karibu, umeme wake unaweza kuufuata waya huo hadi ndani ya TV na kompyuta kwa pamoja.